Punda wa Shomari na Kompyuta ya Pembeni

Kompyuta kuukuu ya pembeni wateja waliipa jina la Bikizee, maana ilikohoa kabla ya kuwaka. Shomari alipoleta mchezo aliotengeneza, wa mbio za punda, Mwanakheri, mwenye duka lile la kompyuta za kukodisha, alimwonyesha mashine mpya. Shomari akaipita, akaenda kukaa kwa Bikizee.

Mchezo ukagoma. Punda alinyanyua mguu akabaki hivyo hivyo, kama anayepigwa picha.

"Kaka, punda wako kafa kasimama," alitania Pandu, mteja wa kila siku. "Njoo umjaribu huku kwenye mashine mpya, atakimbia."

"Kwa wenye nazo atakimbia tu. Majumbani mwa watu wengi kuna mashine kama hii. Akishindwa hapa, nitakuwa nimejitengenezea mwenyewe tu."

Akaanza kupunguza. Akaondoa vivuli vya nyumba, akaondoa vumbi lililotimka kwenye kwato. Punda bado hakusogea. Ikabaki mvua ya mchezoni, na hapo Mwanakheri akaona mkono wa Shomari unasita. Aliijua mvua ile. Masika yote Shomari alishinda mlangoni akitazama matone yanavyoanguka, kisha anarudi kuyachora.

"Hata mvua, Shomari?"

"Hata mvua, dada. Nitabakiza sauti yake."

Akaifuta. Bikizee akakohoa, kioo kikatulia, punda akatimua mbio. Pandu akaiacha mashine mpya, akavuta kiti. "Sogea kidogo, kaka."

Barabara kiooni ilikuwa kavu, mvua ikisikika tu. Mwanakheri akajikuta ameinama, anamtafutia punda pa kujikinga.