Tangawizi ya Chunguni

Kabla ya kulazwa hospitali, Shomari alizifukia tangawizi zake za chai kwenye chungu chenye mchanga mkavu. "Usiutie maji, mke wangu. Zitaoza."

Lakini Sikudhani hakuwa na kingine cha kumtunzia, akawa anaunyunyizia maji kila asubuhi. Siku mumewe aliporudi, amekonda, nguo zinampwaya, alifukua ili amchemshie chai. Kila kipande kilikuwa kimechipua.

"Nimekuharibia, baba Pili."

Shomari aliyatazama machipukizi. Tangu augue hakuwahi kutaja hata wiki ijayo.

"Tukizipanda leo," alisema taratibu, "tutavuna baada ya miezi tisa."

Akakunja mikono ya shati, akashika ukuta, akasimama.

"Jembe umeliweka wapi?"