Chokoleti za Zdravka

Zdravka alikuwa hajaliweka hata mezani lile sanduku la chokoleti. Mkurugenzi Ognyan alilitazama, akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Kumbe ndiyo leo. Umeamua kutuacha."

Tsonka wa uhasibu akaweka kalamu chini.

Katika mji wao wa Silistra mwenye jambo ndiye anayewalisha wenzake. Ukipata mjukuu, ukinunua gari, unapita meza hadi meza na chokoleti. Lakini katika shirika lile dogo la kulinda ndege wa mto Danubi, mwaka huo walikuwa wamepita na chokoleti watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wanaaga kazi.

Zdravka hakuwa anaaga. Jana yake jioni alikuwa amefaulu mtihani wa udereva, baada ya kufeli mara nne, na hakumwambia mtu. Miaka yote alingoja kupakiwa kwenye gari ndipo afike ziwani kwa mwari wake, wale ndege wenye midomo ya mfuko aliowatunza kama watoto. Sasa angekwenda mwenyewe kila alfajiri. Hakuna kazi nyingine aliyoitaka duniani.

"Jamani, mimi si..."

"Nyamaza, dada, ukisema nitazidi kulia," Tsonka akamkatiza, na kweli alikuwa ameshaanza.

"Wajerumani wamekunyakua ukafanye kazi kwao, eh?" akasema Metodi, dereva wa shirika. "Haya, nani sasa atanijazia matope kwenye kiti? Nitaishi na gari safi kama mjane."

Ikatoka rakia, ile pombe kali ya matunda, kabatini, ikatoka jibini na matango. Kila Zdravka alipofungua mdomo, mtu aliinua bilauri na kumsifu. Metodi akasimulia ile baridi Zdravka alipovunja barafu kwa koleo mpaka mikono ikatoka damu, ili ndege wapate samaki. Watu wakafuta machozi. Zdravka akajiuliza. Watu wameshalia, utawaambiaje wamelia bure? Na kadiri alivyochelewa, ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Aliona aibu, na chini ya aibu aliogopa.

Mwishowe akamvuta Ognyan mpaka dirishani.

"Bosi, nisikilize. Siendi popote. Nimepata leseni ya gari, basi."

Ognyan alitazama nje, kwenye maegesho matupu. "Baadaye, Zdravka. Tutaongea baadaye. Waache kwanza watu wafurahi."

Akarudi kati ya watu na kugonga bilauri kwa kijiko.

"Na sisi hata zawadi hatuna," Tsonka akalalamika. "Ungetudokeza mapema, dada, ndiyo nini sasa?"

"Ipo," akasema Ognyan, akafungua droo yake.

Ilikuwa darubini, ya aina ambayo Zdravka alizoea kuitazama kwenye vioo vya maduka na kupita. Wote wakapiga makofi, wakisema bosi ana roho nzuri. Ubavuni palikuwa pamechongwa jina la Zdravka, na chini yake maneno ya shukrani kwa utumishi uliokwisha.

Zdravka alipitisha kidole juu ya herufi. Mji mzima ulikuwa na mchongaji mmoja, mzee Penyo, na mzee Penyo hajawahi kumaliza kazi ya mtu chini ya wiki mbili.