Kicheko cha Safu ya Mbele

Uso wa mzee Kazimierz ulipotokea kwenye televisheni ukicheka, meno ya bandia yakionekana hadi ufizini, mjane wa mwanawe aliacha kutafuna.

"Baba yangu alifia bafuni, kwa ulevi!" mjukuu wake, mwana wa mjane huyo, alikuwa akichekesha watu jukwaani. "Jamani, ndiyo mara ya kwanza kumkuta mahali tulipomtafuta!"

Ukumbi ulikuwa hoi.

Mzee hakukicheka kisa hicho. Kicheko kile alikitoa kabla ya onyesho, wapiga picha walipowaomba watu wa safu ya mbele wacheke tu, picha ziwekwe akiba. Kisa chenyewe kilipotolewa alikuwa ameinamisha kichwa, na mjukuu alimwona.

"Kila picha ya kipindi nimeichagua na kuipanga mwenyewe, Babu," kijana alikuwa amejisifu kwenye simu asubuhi ya siku hiyo.

Mjane aliweka uma chini. "Baba, yule ni mwanao. Hata wewe?"

Kazimierz alilelewa kuamini kwamba hutaniwa tu mtu awezaye kujibu, na kwamba uongo hauna udogo. Neno moja la kweli lingemtakasa. Lakini mwanamke huyu alikwisha kumpoteza mume, na aliyembakia duniani ni kijana yule tu.

Alijifuta midomo kwa kitambaa, akakikunja mara mbili, kisha mara nne, pembe juu ya pembe.

"Nilicheka, mwanangu. Kilinichekesha."

Mjane aliinuka, akaiondoa sahani ya mkwewe ingali imejaa, akaenda kuimwaga.