Figo ya Kitwana

Kwa miaka thelathini Kitwana mchinjaji alikuwa akitoa figo za ng'ombe. Sasa figo yake mwenyewe iliota kifuko cha maji, kikubwa kama chungwa.

“Mwanangu, figo hujificha ndani ya mafuta,” alimwambia Daktari Rukia. “Utaifikiaje kwa vitundu vitatu tu vya ubavuni?”

“Kwa kamera nyembamba, baba. Nitakikamua kifuko, nikate ganda lake, figo ibaki nzima.”

Alisema bila kusita hata kidogo. Kitwana akakubali.

Siku iliyofuata upasuaji alipandisha shati, akaona plasta tatu tu. Akaulalia ubavu uliomnyima usingizi miezi mingi. Maumivu yalikuwa ya vidonda vidogo, basi.

Rukia alipopita, Kitwana aliuomba mkono wake, akaugeuzia mwanga wa dirisha, akavitazama kimoja kimoja vidole vilivyoifikia figo yake.