Ukungu Ukutani

Kwi, kwi, kwi. Usiku wa manane Digidigi, aliyetoka mara moja tu kutafuna majani, alisikia kilio, na kilitoka pangoni alimomlaza mwanawe, basi roho ikamruka, akakimbilia ndani bila hata kufikiri.

Aliyekuwa akilia ni Chui. Mtoto amelala miguuni pake, naye ameukodolea macho ukuta, palipochorwa bonde lao la zamani. Marehemu Nungunungu alilichora kwa mwiba wake na udongo kabla halijaungua, baada ya kulitazama mwezi mzima, wenzake wakimcheka, "Mzee, unachora au unasinzia?" Katikati aliacha peupe, akasema huo ni ukungu.

"Bwana Chui," Digidigi alisema, "nichukue mimi, mtoto niachie."

"Nyamaza, mama. Hapo kwenye ukungu ndipo mama yangu alipotulaza. Namwona kabisa."

Digidigi akatazama. Miaka yote yeye alimwona mama yake pale pale, kwenye peupe pale pale.

"Alikuwa akiwaimbia?"

"Kila usiku." Chui akajifuta machozi, kisha akashtuka. "Wewe! Wakijua nalia, nani ataniogopa tena?"

"Mwanangu akikua salama humu, watajulia wapi?"

Chui akamruka mtoto polepole asimwamshe, akasimama mlangoni.

"Na nikitaka kuja kumtazama mama yangu tena?"

"Njoo tu, bwana. Sitamwambia yeyote."