Windo la Mfenesini

Sheria ya siku hizi ni moja: mti ambao chui amepandishia windo lake ni nyumba yake, na binadamu yeyote anayeishi ndani ya hatua mia moja lazima ahame kabla jua halijazama. Asubuhi hiyo Mwandoe alipokuta mzoga wa mbuzi umening'inia kwenye mfenesi wa uani, alitukana, akapanda, akaushusha, akauficha darini.

Saa sita mchana afisa wa makazi ya chui alifika, akauzunguka mfenesi, akagusa alama za kucha.

"Windo liko wapi, baba Mghoi?"

"Windo gani? Mti wangu, ua wangu. Kamuulize huyo chui wako."

"Bila windo sina kesi. Nyumba bado ni yako."

Mwandoe alimsindikiza hadi barabarani kwa matusi. "Mwambie akapange kwingine!"

Aliporudi, alimkuta mkewe amesimama nje peku, amembeba mtoto wao, Mghoi.

"Umemfundisha njia," mkewe alinong'ona, macho yakiwa mlangoni. "Amefuata nyama yake."

Ndani, mbao za dari zililia polepole, kama kitanda mwenye nyumba anapojilaza.