Donge la Baba

Kijiko cha Linnea kiligonga kitu kigumu katikati ya beseni la theluji.

"Mwalimu, donge hili halitaki kuvunjika!"

Siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio, watoto hawakuruhusiwa kutoka. Mwalimu Arlys hakukubali kushindwa. Watoto wasipoweza kuiendea theluji, basi theluji itawafuata ndani. Alikuwa amekomba akiba yote ya theluji aliyoiweka kwenye friza ya jikoni, akakata mifuko kwa mkasi na kuimwaga besenini, huku akigombana na kitoto kilichovaa buti kinyume.

"Kwa nini hili ni gumu kuliko mengine?" aliwauliza.

"Limebanwa sana!" alijibu Linnea. Alikuwa na miaka minne, na majibu yake hayakukawia.

"Je, tukilimwagia maji ya uvuguvugu?"

"Litakufa!" alisema Otis, wote wakaangua kicheko.

Linnea ndiye aliyeshika kikombe. Donge likanywea, likatoboka, likawa maji. Somo lilikwenda vizuri mno.

Arlys alikuwa anakusanya mifuko mitupu alipouona ule wa mkate, wenye nyota ya karatasi aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe ili mtu asiuguse. Akaupapasa ndani: mtupu.

Siku ya theluji ya kwanza Wendell, babake Linnea, alimleta mtoto shule akiwa tayari amevaa gwanda la jeshi, safarini. Pale uani alifinyanga donge, akampa. "Nitunzie. Nikirudi tutalirusha pamoja." Linnea alikuja nalo jikoni peke yake, mashavu mekundu, Arlys akalitia kwenye mfuko wa mkate, akaliweka kwenye friza na kuahidi kulilinda. Tangu hapo mtoto hakuomba kulitazama hata mara moja. Arlys aliona fahari: alijua ni kwa sababu anaaminiwa.

Na Wendell alikuwa anarudi Ijumaa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Bev, mpishi. "Mwambie mtoto ukweli. Au toka nje ufinyange jingine, mama, theluji tele hapo."

"Hiyo ni theluji tu, Bev. Lile lilikuwa mikono ya babake."

Lakini alitoka. Alifinyanga moja, akalitupa, akafinyanga jingine dogo zaidi, akalibana mpaka vidole vikamuuma. Alilitia kwenye ule mfuko wenye nyota na kufunga friza upesi, mwizi hasa. Tangu siku hiyo nafsi ilimsuta. Linnea alipomkumbatia asubuhi, Arlys alitamani kujitoa mikononi mwake. Alikuwa amemfanya mtoto aue zawadi ya babake kwa kikombe, na akampigia makofi.

Ijumaa Wendell aliingia jikoni na magwanda yake, mtoto akamrukia shingoni. Walikaa hivyo kitambo, hata Bev akageukia sufuria zake.

"Haya, donge letu lipo?" aliuliza Wendell.

Linnea alimtupia mwalimu jicho. Arlys akaleta mfuko. Wendell alivua glavu, akalishika donge kwa mikono miwili na kuligeuzageuza polepole.

"Hilihili," alisema, sauti ikikwaruza. "Huwezi amini, kule nilikuwa nalifikiria kila siku. Tazama, hata alama za vidole vyangu zipo."

Arlys hakuweza tena. Alimvuta Linnea pembeni eti kumvalisha buti, akapiga magoti mbele yake.

"Mpenzi wangu, nimekukosea sana," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Lile si la Baba. La Baba ndilo tuliloliyeyusha siku ile kwenye beseni. Mimi sikuangalia. Hili nimelitengeneza mimi. Nitamwambia sasa hivi, ila nilitaka wewe usikie kwanza."

Linnea alimkodolea macho. Kisha akamtazama babake aliyesimama mlangoni, donge kifuani. Akamshika mwalimu sikio, akalivuta mpaka kinywani mwake.

"Usimwambie, Mwalimu. Lile tuliloyeyusha nililifinyanga mwenyewe. La Baba nililila siku ileile, hata gari lake lilikuwa halijatoka getini."